Chumba cha Baridi cha Kaa

Kanuni za biashara ya kaa tuliziandika Kibiti, maofisa watano wa serikali, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Siku ya kikao cha mwisho aliingia aliyekuwa bosi wangu, akakaa mbele. Alikwisha kustaafu serikalini, sasa ni mshauri wa kampuni inayonunua kaa. Kazi alinifundisha yeye, barua ya kunipandisha cheo aliiandika yeye, na nilipotaka kuoa, mshenga wangu alikuwa yeye.

Kampuni yake ilitaka kifungu kimoja tu: kila mnunuzi awe na chumba cha baridi. Hakunibembeleza wala hakunipa chochote. Mlangoni, kabla hajakaa, aliniuliza tu, "Mwenzio hajambo?"

"Shikamoo, mzee. Hajambo."

Mtu aliyekwenda kukuposea mke, utamkatalia vipi? Fadhila za punda ni mateke, nami sikutaka kuitwa punda hadi ukweni.

Nikakiandika kifungu, nikakisoma mbele ya kikao. Akanyanyuka mama mmoja wa Kiongoroni, kijiji cha delta, anayechokoa kaa mashimoni, aliyealikwa kutoa maoni.

"Baba, kaa si tunawauza wazima? Akifa hana bei. Sasa humo chumbani atalala nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana nimezaliwa huko huko delta. Marehemu mama alikuwa akiwafunga kaa kamba, anawafunika majani ya mikoko ili wafike wangali hai. Nilijua pia kwamba wachuuzi wanaowafuata akina mama hawa kwa mitumbwi hawana chumba cha baridi hata kimoja. Wakiondolewa wao, atabaki mnunuzi mmoja, apange bei apendavyo.

Yule mama bado alikuwa amesimama, ananitazama. Bosi wangu alikuwa anaangalia simu yake.

"Ni utaratibu, mama," nikasema.

Akaketi taratibu, akajifunga upya khanga yake. Kifungu kikapita.

Siku hizi Kiongoroni mnunuzi ni mmoja, na kaa wanaondoka wazima vilevile. Chumba cha baridi cha kampuni kipo Bungu, kando ya barabara, kimefungwa kufuli. Nikipita hapo nageuza uso upande wa pili.

Juzi mzee alinipigia. Amechoka, anataka kupumzika, na kampuni imemwambia atafute mtu wa kushika nafasi yake. "Nimewatajia wewe, mwanangu," akasema.

Nilimwambia anipe muda nifikiri. Naona haya kusema, lakini barua ya maombi nilikuwa nimeianza kabla hajakata simu.