Boga Nililolinyooshea Kidole

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu pale Sepuka, kidole changu cha shahada kiliaminika kuwa na sumu. Si changu tu, cha kila mtu. Boga likiwa shambani halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, unakunja ngumi. Bibi, mama yake baba, alitufundisha hivyo kabla hatujajua kuhesabu.

Miaka hiyo maduka ya watu binafsi yalikuwa yameanza kujaa vitu, hadi mbegu za maboga kwenye pakiti zenye picha. Bibi hakutaka hata kuzisikia. Mbegu yake aliirithi kwa mama yake, na baada ya mbuzi kuvamia bustani, lilibaki boga moja tu kando ya zizi. Hilo halikuwa la kula. Likiharibika, mbegu yake imekwisha.

Basi siku moja akaja rafiki yangu Zaituni. "Hilo boga la bibi yako liko wapi?"

"Si lile pale!" nikasema, na kidole nimekinyoosha.

Zaituni akashika mdomo. "Umeliua."

Nililia siku mbili kwa kujificha. Siku ya tatu nikapata akili, au nilidhani ni akili: nikilitoa shambani mapema, kuoza hakutalikuta. Nikachukua kisu, nikalikata, nikampelekea Bibi huku najiona shujaa.

"Shikamoo Bibi. Nimeliokoa."

Alibonyeza kikonyo, kikatoa maji. Akajaribu ganda, ukucha ukazama.

"Boga likikomaa kikonyo kinakauka kama kuni, na ukucha hauingii," alisema polepole. "Hili bado. Nani kakutuma?"

Nikamweleza yote, kamasi zikinitoka. Bibi alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Haya, mjukuu wangu, niambie. Limeuawa na kidole au na kisu?"

Aliliweka ndani, mahali pakavu, mwezi mzima. Kila asubuhi nilikwenda kulichungulia, mikono nimeifunga nyuma. Alipolipasua, mbegu nyingi zilikuwa maganda matupu. Kumi na moja zilikuwa na kiini. Bibi alizianika kwenye ungo, akanikabidhi mimi kuzilinda na kuku, na sijawahi kupewa kazi iliyonifurahisha kama ile.

Leo naelewa kwamba Bibi hakuogopa kidole. Mtoto akinyoosha kidole, miguu inafuata, kisha mkono, na boga changa halipendi kushikwashikwa. Ule mwiko ndio uliokuwa uzio wa bustani yake. Nimelielewa hilo vizuri kabisa, na maboga ya mbegu ileile yanatambaa nyuma ya nyumba yangu.

Juzi binti yangu kalinyooshea boga moja kidole. Nilimkunja vidole viwe ngumi upesi kabla sijajua ninachofanya, na tangu hapo nimelikagua boga lile asubuhi na jioni. Linaendelea vizuri. Kisu nimekificha.