Punda wa Nta

Nta ikipata moto hunukia asali, moshi na gome la mti kwa pamoja, na harufu hiyo ikinifikia hata leo hunifanya niinamishe uso. Nilikuwa na miaka kumi, Mwingereza bado anatawala, nasi tukiishi Cheyo, Tabora, katika nyumba ya udongo iliyotazama njia ya zamani ya misafara. Wapagazi walikuwa wamekwisha zamani, lakini wiki moja kabla ya Noeli njia hiyo ilituletea mjomba, kaka yake mama, mfuga nyuki wa Ipole, akisukuma baiskeli yenye kilindo cha gome kilichojaa nta. Shule zilikuwa zimefungwa, mvua zimeanza, na kazi yangu ya likizo ilikuwa moja tu: kukaa na mdogo wangu Deo, mtoto wa miaka mitatu asiyetulia mahali, mpaka mama arudi kutoka shambani.

Mama alinifundisha namna ya kumtuliza. Unaweka kipande cha nta katika maji ya vuguvugu mpaka kilainike, unampaka mtoto mafuta viganjani ili isimgande, kisha unampa donge lisilozidi ndimu, maana ukimpa kubwa atalila. Ndivyo tulivyotengeneza wanyama wa pango la Noeli, pango lenyewe likiwa la udongo wa kichuguu na majani makavu ya mgomba. Macho ya wanyama yalikuwa punje za ulezi. Na nyumbani kwetu palikuwa na sharti: kila mtoto aweke pangoni kitu alichokifinyanga kwa mikono yake, hata kama hakitambulikani. Mama alisema Mtoto Yesu hakuzaliwa kwa ajili ya mafundi peke yao.

Deo alifinyanga punda. Ilimchukua siku tatu, ulimi nje, jasho puani. Punda huyo alikuwa na miguu mitano, kwa sababu mkia ulifika chini na Deo hakuona sababu ya kuunyima kazi. Tumboni alijaa alama za vidole gumba. Deo alimlaza kando ya mkeka wake, akamnywesha maji kwa kifuniko. Mimi nilikuwa nimefinyanga Mamajusi watatu na ngamia wao, wenye nundu na hatamu za uzi, na sisemi uongo, walikuwa wazuri. Kichwa kilinivimba. Katekista wetu alikuwa na desturi ya kupita nyumba kwa nyumba siku ya sikukuu kutazama mapango, na mwaka ule nilitaka asimame kwetu muda mrefu kuliko kwa jirani yeyote. Kila nilipomwazia akimwinamia punda wa miguu mitano, niliona haya kana kwamba nimekwenda kanisani nimevaa gauni kinyume.

Adhuhuri ya mkesha wa Noeli niligundua kwamba nta haitoshi. Ngamia wangu walikuwa wamekula fungu la mshumaa, ule uliopaswa kuwaka mbele ya pango asubuhi ya sikukuu. Mama alikuwa ameniachia kazi ya kuutengeneza: unayeyusha nta, unaimimina ndani ya bua la mpapai lenye utambi, ikiganda unalipasua bua. Ningeweza kuyeyusha ngamia mmoja. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba sikuwa na njia nyingine. Deo alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilimchukua punda wake, nikamng'oa jicho moja kwa mwiba. La pili lilikuwa limezama ndani, nikaliacha. Nikamtia sufuriani. Aliyeyuka upesi mno.

Deo alipoamka akaanza kumtafuta, nilimwambia punda ameondoka. "Nimemwona kwa macho yangu. Ameshika njia ya Ipole, anakwenda kwa mjomba kubeba asali." Hakulia. Alitoka nje akaitazama barabara, kisha akauliza, "Atarudi, dada?" Nikasema atarudi. Afadhali angelia.

Asubuhi ya Noeli mshumaa uliwashwa. Katekista aliingia, "Tumsifu Yesu Kristo," tukaitikia, "Milele amina," naye akawasifu ngamia wangu kama nilivyotaka. Ndipo Deo, aliyechuchumaa mbele ya moto, akacheka kwa furaha. "Mama, mshumaa una jicho!" Kweli, punje ya ulezi ilikuwa imejitokeza ubavuni mwa nta. Mama aliitazama punje, akatazama pangoni, akanitazama mimi. Hakusema neno, wala siku ile wala baadaye. Alikuwa akisubiri niseme mwenyewe, na mimi nilimwacha asubiri mpaka akaingia kaburini. Keshoye nilimfinyangia Deo punda mwingine, wa miguu minne, mzuri. Alimgeuzageuza akanirudishia. "Siyo wangu," alisema.

Siku hizi wanyama wa pango hununuliwa madukani Ng'ambo, hapa hapa Tabora, wa plastiki, wote miguu minne, na hakuna mtoto anayekesha akimwaza mmoja wao. Deo sasa ni mzee wa fimbo, na kila Noeli huacha nafasi tupu kando ya hori. Huwasimulia wajukuu habari za punda wake aliyekwenda Ipole kubeba asali, nao huipenda hadithi hiyo kuliko ya Mamajusi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina zaidi ya miaka sitini na bado haijafika.

Noeli iliyopita mjukuu mdogo kuliko wote, wa miaka mitatu, aliigusa ile nafasi kwa kidole akauliza punda atarudi lini. "Muulize bibi yako huyu," Deo alisema, akininyooshea fimbo. "Yeye ndiye aliyemwona akiondoka." Wote walinigeukia. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema kweli, Mungu ananiona. Nikasema, "Yuko njiani." Deo akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa, akageuka kutazama barabara.