Ubao wa Vibanio

Saa mbili kasorobo asubuhi, chai haijapoa, simu ya Mama Zamu inaita. Ni muuguzi mkuu wa hospitali ya mlimani.

"Dada, daktari wetu kalazwa."

"Wapi?"

"Kwenye wodi yake mwenyewe. Mgongo umegoma. Anatusumbua kuliko wagonjwa wote."

Wanacheka, kisha muuguzi anaeleza shida yenyewe. Wajawazito wawili wamepangiwa upasuaji kesho. Asipopatikana daktari kufikia saa sita mchana leo, watapakiwa kwenye gari la wagonjwa, safari ya saa tano za mashimo mpaka hospitali kuu.

Mama Zamu anageukia ukuta. Chumba hiki kilikuwa duka la fotokopi. Sasa kina ubao wenye kamba kumi na mbili: kumi na moja za juu, kila kamba hospitali moja, na vibanio vya nguo arobaini na tatu, kila kibanio daktari mmoja. Kamba ya kumi na mbili, ya chini kabisa, ni ya wasio na zamu.

Vibanio vyenye uzi mwekundu ni vya wanaojua upasuaji wa uzazi. Uzi huo uliletwa na aibu: mwaka wa kwanza alichanganya vibanio, akapeleka daktari wa macho kliniki ya wajawazito.

"Hakukaa bure," anasema. "Akina mama saba walirudi nyumbani na karatasi za miwani. Mmoja ananishukuru mpaka leo."

Kwa miaka kumi na tisa alipokea simu za hospitali kuu. Ilipoletwa mashine mpya, akaambiwa aende nyumbani. Mkono uliotia saini barua yake ulitia saini nyingine wiki hiyohiyo: madaktari wapya hawaajiriwi. Waliosaini wamesahau, waliosainiwa hawajasahau. Wodi zikakosa madaktari, madaktari wakakaa majumbani wakitazama vyeti vyao ukutani, na aliyekuja kuwakutanisha ni mama aliyeambiwa hana kazi.

"Walibaki na simu yao," anasema. "Namba niliondoka nazo kichwani."

Leo uzi mwekundu kwenye kamba ya chini ni mmoja tu: Daktari Vifaranga, binti aliyeandika barua thelathini na sita za kuomba ajira, asijibiwe hata moja, akaamua kufuga kuku. Mama Zamu hampigii yeye. Anampigia mama yake.

"Daktari mwenyewe atakwambia 'nitaangalia'. Mama yake atakwambia kinachomzuia."

Kinachomzuia kinajulikana mara moja.

"Vifaranga mia tatu vimefika jana," anasema mama mtu. "Na kwa goti langu hili siinami."

"Nikikuletea mtu wa kuinama?"

"Anajua kuku?"

"Anajua kuwala."

"Mlete. Ila nitavihesabu akija na akiondoka."

Mtu mwenyewe anasoma gazeti mlangoni. Ni mume wa Mama Zamu, dereva mstaafu.

"Mimi tena? Mwezi uliopita nimelea mapacha wa daktari wa mifupa."

"Na walikupenda."

"Walinitapikia."

Anakunja gazeti, anatafuta kofia yake.

Saa nne na nusu simu inaita. "Mama, nipo njiani," anasema Daktari Vifaranga. "Mwambie mzee wako taa ya vifaranga asiizime, hata jua likiwaka."

"Nenda, mwanangu. Kuku niachie mimi."

Kibanio kinapanda kamba ya mlimani. Saa sita inapita, na gari la wagonjwa halijatoka getini.

Kesho yake mchana muuguzi mkuu anapiga tena. Watoto wawili, wa kike na wa kiume, na mama zao wazima. Halafu anashusha sauti: mganga mkuu ameuliza kama binti huyu anaweza kuajiriwa moja kwa moja.

"Muulizeni yeye," anasema Mama Zamu. "Kuku wahamie huko huko."

Jioni binti anakubali. Mama Zamu anabandua kibanio, anakitia kwenye kopo la biskuti chini ya meza. Ni cha kumi sasa cha daktari aliyepata ajira.

Mwezi ujao anakodi chumba cha jirani, aweke ubao wa wauguzi na wa wataalamu wa maabara. Maombi yamemzidi. Mumewe, mwenye manyoya begani, anatikisa kichwa.

"Biashara gani hii, mtu anafurahi akipungukiwa?"

"Kopo hili likijaa," anasema mkewe akilifunika, "nitafunga ofisi, niende nikaanike nguo zako."