Ndoo Mbili za Maji

Nafundisha jiografia Garissa, na kila mwaka nafika kwenye somo la mito ya barafu, ile inayotambaa kutoka nchi kavu mpaka baharini. Wanafunzi hudhani jua ndilo linaloimaliza. Nawaambia mkondo wa maji ya vuguvugu huipitia kwa chini. Bahari ikijaa huiinua kidogo, ikipwa huishusha, na kila mara maji mengine hupenya na kuila tumboni. Somo hilo nalijua kichwani, na kumbe ni kichwani tu.

Mwaka jana habaryar, mdogo wa mama, aliugua akiwa kambini Hagadera. Chakula alikataa, akaomba kitu kimoja: maziwa mabichi ya ngamia wetu wenyewe, si ya sokoni. Kaka yangu alikama, mama akayatia kwenye dumu lililofukizwa moshi, akalisimamisha ndani ya pipa na kulizungushia mabonge ya barafu.

"Hooyo," aliniambia, maana kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lake yeye mama, "usitie maji humo. Barafu ikiyeyuka, yamwage."

Mimi na digrii yangu! Niliona baridi ya maji ingelikumbatia dumu lote. Alipoingia ndani nikatia ndoo mbili za maji kutoka kwenye tangi la bati lililoshinda juani, kisha nikafunika pipa kwa magunia, nikajipongeza kwamba jua limenikosa.

Kumbe barabara ilikuwa bahari yangu. Kila shimo pikapu niliyopandia kwenda kambini ilizama ikainuka, na maji yakaichapa barafu njia nzima. Nilipofunua Hagadera hapakuwa na kipande hata cha ukubwa wa ukucha. Maziwa yalikuwa yamechachuka.

Habaryar alionja, akanirudishia kikombe.

"Matamu, mashallah," alisema. Hakuomba tena.

Niliona haya mpaka nikatoka nje kusimama na punda wa watu. Mama akanipigia simu kutoka nyumbani.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

Akamshukuru Mungu kwa sauti iliyokatika. Siku ya tatu tulimzika dada yake, na mama bado huwaambia wageni kwamba angalau aliondoka na ladha ya ngamia wa nyumbani mdomoni. Mimi huinama kwenye chai yangu. Zile ndoo mbili sijamwambia.