Kipimo cha Bendeji

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya miezi minane, nikiwa nafuma mkono wa pili wa sweta yake katika nyumba yetu ya kupanga, Kayole. Hospitalini walimweka kwenye mashine ya joto. Binti yangu alinipigia simu akasema, "Mama, acha kufuma. Usimfumie mtu ambaye hatujui kama atakaa."

Niliacha siku mbili. Siku ya tatu nikaifumua yote nianze upya, maana ilikuwa kubwa mno kwake. Lakini karatasi yangu ya maelekezo, kipimo chake kidogo kabisa kilikuwa cha mtoto wa miezi mitatu. Nikapunguza vitanzi kwa kukisia, ikatoka nyembamba kama soksi. Nikafumua tena.

Nilipompelekea binti yangu uji wodini, aliuona uzi mfukoni mwangu. Kesho yake akanipa kipande cha bendeji.

"Nimempima kifua," alisema.

Nilikizungusha kwenye kifundo cha mkono wangu, kikafika mara moja na nusu tu. Niligeukia dirishani asinione.

Kwa sababu ya mirija aliyowekewa mwilini, niliiacha sweta wazi mbele na mikononi, nikatia vifungo. Alivalishwa wiki mbili baadaye. Binti yangu alimtazama kwa muda, kisha akamwita kwa jina la marehemu baba yake, mume wangu, jina alilokuwa amekataa kumpa.

Sasa mtoto yuko nyumbani. Ila akikohoa, sote wawili tunanyamaza kumsikiliza.