Mkono Mgongoni Mwangu

Kwetu, bibi harusi hasemi. Analetwa kwa mume wake akiwa amefunikwa kitambaa kichwani, anakaa juu ya mkeka siku saba, na siku zote hizo hatoi neno hata akiumwa na siafu. Siku ya nane mama mkwe anamletea kuku jike na kumwekea mapajani, na hapo ndipo kinywa chake kinafunguliwa. Kuku huyo tulimwita kuku wa kinywa. Aliyeropoka kabla ya kuku alichekwa mpaka akapata wajukuu.

Basi baba yangu mdogo alipomleta mke kutoka upande wa Wamaza, kijiji kizima kilimsifu. Kijiji chetu kilikaa kando ya barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, nyakati zile za Wabelgiji, pamba ikilimwa kwa lazima, na vitu vya kufurahia havikuwa vingi. Wanawake walikuja kumjaribu bibi harusi kama desturi ilivyotaka. Walimtania, wakamtukania miguu, wakagonganisha sufuria ghafla nyuma ya kichwa chake. Wengine wote waliopitia mkeka ule walikuwa wameruka au wamecheka. Huyu hakupepesa hata jicho.

"Ule ndiye bibi ya kweli," mama yake baba alisema, akiwatazama wakwe zake wengine kwa dharau. "Debe tupu ndilo linapiga kelele. Huyu amejaa."

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na ndimi niliyechaguliwa kuwa mwenzi wake: kumletea maji, kula naye, kulala karibu na mkeka wake. Nilijivuna. Nilitembea kijijini kama mke wa chifu.

Siku ya nane kuku aliletwa. Ua ulijaa watu. Mama yake baba akamweka kuku mapajani mwa bibi harusi na kumwambia, "Mwanangu, sema sasa, tusikie sauti yako." Bibi harusi akamtazama kinywa. Mama mkongwe akarudia. Kuku akaanza kujitupatupa, akamdonoa mkono, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Haikuwa neno. Ilianzia chini kabisa kooni, nzito, ikapanda juu na kukatika. Mama mmoja mwenye mimba alijifunika tumbo kwa mikono miwili na kukimbia. Watoto wakalia. Mimi, mwenzi wa bibi harusi, nilijikuta nyuma ya jiko, na mpaka leo sijui nilifikaje huko.

Baba mdogo akasimama katikati ya ua, jasho likimtoka. "Hasikii," alisema. "Toka kuzaliwa hasikii. Lakini ni mutu kama sisi, na analima kushinda sisi wote."

Siku tatu baadaye alirudi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa imekwisha. Akatuachia yule mke na ile hofu.

Viziwi wa uzee tulikuwa nao, na tuliwapigia kelele tukicheka. Ila mtu mzima, kijana, mzuri wa uso, ambaye masikio yake hayajawahi kuingiwa na kitu, huyo hatukujua tumweke wapi. Wengine walimsogelea na kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wengine walimsema mbele yake, wakimchekea usoni, naye akawarudishia kicheko kwa adabu. Mama wenye mimba walitema mate kifuani wakimwona, mtoto asije akarithi. Maji aliyoyateka yeye hayakunywewa na mtu. Nilikuwa nayaona yakimwagwa nyuma ya nyumba, na sikusema kitu kwa sababu na mimi nilikuwa siyanywi.

Mimi niliogopa kuliko wote. Niseme wazi, maana sasa ni mzee na hakuna wa kunichapa. Mama yake baba alikuwa ametufundisha sheria ya njia ya msituni: ukiona mtu mbele yako, mwite mara tatu. Asipoitika mara ya tatu, usiendelee, huyo si mtu, geuka ukimbie. Asubuhi moja ukungu ukiwa bado chini nilimwona mama mdogo, ndivyo nilivyomwita bibi harusi yule, akiinama kisimani, akiwa amenipa mgongo. Nikaita. Nikaita tena. Nilijua ni yeye, nilijua kitambaa chake, nilijua kwamba hasikii. Lakini nilipoita mara ya tatu na mgongo ule haukugeuka, magoti yangu hayakutaka kujua lolote. Nilitupa mtungi, ukavunjika, nikakimbia.

Baba yangu akanishika sikio. "Wewe ndiyo masikio yake," alisema. "Kila anakokwenda, unakwenda. Kelele ikitokea, unamugusa bega. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilimfuata tangu siku hiyo, lakini kwa mbali, hatua kumi nyuma, na begani sikumgusa hata mara moja.

Kiangazi kikakomaa. Miti ya mashamba mapya ilikuwa imekatwa na kukauka, na kapita wa pamba, msimamizi wa Wabelgiji, akapita na firimbi yake kutangaza kwamba upande wa mto wote unachomwa siku hiyo hiyo, jua likisimama kichwani. Asiyechoma angekutana na fimbo. Asubuhi tulitumwa, mama mdogo na mimi, kuokoa kuni shambani kabla ya moto. Yeye akaingia ndani kabisa, kwenye magogo. Mimi nikakaa ukingoni, nikichezea majani.

Kazi ya moto ina taratibu zake. Wanaume wanajipanga na mienge, ngoma ya mti inapigwa, kisha mwenye sauti kubwa anaita mara tatu, na baada ya kila wito watu wote wananyamaza kusikiliza. Waliponikuta nimesimama ukingoni peke yangu, walidhani mama mdogo amekwisha rudi nyumbani. Nani angewaza kwamba masikio yamekaa huku na mwenye masikio yuko kule?

"Kuko mutu mu shamba? Moto unakuja!"

Nikafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari, liko kwenye ulimi. Kisha wazo likaniingia, na wazo lile sijalisahau hata siku moja: sasa tutajua. Kama ni mtu, ataitika. Kama si mtu, moto utamaliza, na mimi nitalala bila kuogopa.

Akaita mara ya pili. Niliona kapita akitazama jua. Nikaificha mikono kwapani.

Mara ya tatu aliita kwa muda mrefu, mpaka sauti ikakwaruza. Watu wakanyamaza. Hakuna aliyeitika, na mimi sikuitika.

Wakatia moto.

Moto wa kiangazi hauna subira. Ulinguruma, ukaruka kutoka gogo hadi gogo, na joto likatusukuma nyuma sote. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na mama mmoja akanishika akidhani ni moshi. Kisha ile sauti nzito ya kooni ikatokea ndani ya moto. Wanaume watu wazima, wenye ndevu, walitupa mienge na kukimbia barabarani, wakipiga kelele kwamba shetani amefukuzwa shimoni mwake. Kati ya wanaume, baba peke yake ndiye aliyebaki. Alilowesha kitambaa cha kikwembe mtoni na kumrukia alipotokea, sketi ikiwaka, mguu wa kulia umeungua kutoka kwenye goti mpaka kisiginoni. Wanawake waliposaidia kumlaza chini, macho yake yalizunguka nyuso za watu mmoja mmoja mpaka yakanipata.

Wanawake wa kijiji walikuwa na utani wao. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," walisema, wakacheka vicheko vya pembeni. Sikuweza kucheka. Niliomba nimwuguze mimi mwenyewe, na watu wakanisifu, mtoto mwenye huruma. Kumbe ilikuwa hofu tu, imebadilisha nguo. Nilitaka kuwa karibu nione mikono yake inasema nini, na kama inanisema.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza lugha yake, kwa woga, kama mwizi anavyojifunza njia za polisi. Ngumi inayochimba ilikuwa mume wake. Vidole viwili mdomoni vilikuwa kapita na firimbi yake. Kuvuta ngozi ya kidevu ilikuwa mama mkwe, na alipoivuta tulicheka wote wawili, nami nikashtuka kwamba nimecheka naye. Mimi nilikuwa kugusa kiuno, kwa sababu ndio urefu wangu. Miezi mitatu mguu wake ulikuwa unapona, na mimi nikawa nasikia mikono yake bila kufikiri. Wenye kitu cha kumwambia walipitia kwangu.

Alikuwa na tabia moja. Nilipokuwa nasema na watu, aliweka kiganja mgongoni mwangu, kati ya mabega, na kukiacha hapo. Aliitaka ile mitetemo. Nilipoimba alifumba macho. Mwanzoni mwili ulinisisimka kila alipofanya hivyo. Baadaye, siku asipoweka, nilisogea mwenyewe.

Mara moja tu alionyesha moto, kisha kiuno, kisha akanitazama. Nikajifanya sielewi na kwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Baba mdogo aliporudi kutoka machimboni, wakubwa walikaa uani. Jambo lilikuwa moja: mke huyu abaki au arudishwe Wamaza.

"Mutu asiyesikia moto, tutamuchunga na nini?" mama yake baba aliuliza. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Kesho ni mto umejaa, kesho kutwa ni nyoka. Akifia hapa, watu ya Wamaza watatuuliza mutu wao."

"Mama, yeye ndiye bibi yangu," baba mdogo alisema.

Baba yangu akasema polepole, "Hatumurudishe bila kumuuliza. Kama alijipoteza mwenyewe, ni neno ingine. Kama kosa lilitoka kwetu, hatuna haki ya kumufukuza." Akanigeukia. "Mutoto, muulize siku ile ilikuwa namna gani."

Nikasimama mbele ya mama mdogo. Nikamwuliza kwa mikono. Alinitazama kidogo, kana kwamba ananipa nafasi ya kukimbia, kisha akaanza. Alisema kila kitu. Kuni, magogo, mimi nimekaa ukingoni. Moshi. Jinsi alivyosimama juu ya gogo akaona watu kwa mbali, na mbele yao akaniona mimi, nikitazama upande wake, kinywa kimefungwa. Aligusa kiuno mara tatu. Baba mdogo alifuata mikono ile kwa macho, lakini miezi yake ya machimbo ilimwachia maneno machache tu, chakula, maji, njoo, nenda. Uani pale hakuna aliyeelewa ila mimi.

Alipomaliza akaja nyuma yangu na kuweka kiganja mgongoni mwangu, kama siku zote, ili nimpelekee maneno yake.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Nilijua vizuri. Nikisema ukweli anabaki, na mimi nitakuwa mtoto aliyetaka kuchoma mtu, katika kijiji kile, maisha yangu yote. Nilimwona baba, nikaona mkono wake ulionishika sikio.

"Anasema hakusikia," nikasema.

Maneno mawili. Yeye alikuwa amesema habari ndefu, na sauti yangu ikapita chini ya kiganja chake na kukatika. Kiganja kilibaki kidogo, kikingoja mengine. Kisha kikaondoka.

Mama yake baba akafuta macho na kusema basi. Baba mdogo akainuka bila kuaga mtu.

Walimrudisha wiki ile ile. Baba mdogo alifunga mzigo wake nyuma ya baiskeli, na kuku wa kinywa juu yake, kwa kuwa kuku yule ni wa mwanamke hata akiondoka. Watu walitoka kumuaga, na hata waliokuwa wakimwaga maji yake walikuwa wanalia. Alipeana mkono na kila mmoja, akichechemea. Nilikuwa wa mwisho katika mstari. Alipokaribia, nilimgeuzia mgongo, nikajisogeza nyuma kidogo ili asipate shida kunifikia, na nikaanza kusema. Nilisema nilijua alikuwemo. Nilisema niliogopa. Nilisema nisamehe, mama mudogo, nikasema polepole sana, wengine wasije wakasikia.

Nikarudia tangu mwanzo, nikingoja mkono. Nilipogeuka, baiskeli ilikuwa imekwisha pita mashamba yaliyoungua, na yeye anatembea nyuma yake.