Sauti Kutoka Ruiru

Juzi Jumamosi niliingia duka la hapa kwetu Gatong'ora, Ruiru, kununua maziwa, nikakuta redio imepandishwa sauti hadi mwisho. Mtangazaji alikuwa amekauka koo. Tangu alfajiri, alisema, hajaondoka kwenye kiti, wala hataondoka mpaka watoto wote wagonjwa wapate watu wa kuwalipia matibabu. Watu walipiga simu mmoja baada ya mwingine, wakitoa ahadi. Na hapo hapo, ndugu yangu, nilikuwa nimerudi Thika, niko darasa la tatu na viatu vimetoboka.

Tuliishi kwenye vyumba vya mabati nyuma ya Eneo la Viwanda, safu mbili zinazotazamana, bomba moja la maji katikati. Msimu wa mananasi hata nguo ulizoanika ziliingia ndani zikinukia nanasi. King'ora cha kiwanda kilituamsha, kikatupeleka shule, kikamwambia nyanya yangu wakati wa kubandika githeri, mahindi na maharagwe yake. Nyanya ndiye aliyekuwa na redio kubwa kuliko zote pale. Betri zake, tulizoziita mawe, zilipochoka alizianika juani juu ya bati, pamoja na mahindi ya mbegu. Alituambia jua ni uji wa betri, nasi tuliamini.

Jirani wa chumba kilichofuata alikuwa mama kutoka mkoa wa Magharibi, aliyemenya mananasi kiwandani hadi vidole vikachubuka. Binti yake alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Tulipocheza kuruka kamba, yeye alishika upande mmoja, kwa sababu kuruka hakuweza. Tukipanda kutoka mtoni na maji siku bomba limekauka, alichuchumaa katikati ya mlima, midomo rangi ya zambarau, nasi tulijifanya tumechoka tukachuchumaa naye. Daktari alikuwa amesema anahitaji upasuaji, na kwamba moyo kama ule hausubiri sana.

Kanisa likapanga harambee ya kumchangia siku ya Jumapili. Jirani alituma habari kwao, akaletewa jogoo mweupe wa kupigwa mnada, mkubwa kama mtoto wa mbuzi. Unajua jogoo wa harambee anavyofanya kazi: anayemnunua humrudisha mezani, ananunuliwa tena, anarudishwa tena, mpaka kuku mmoja anamshinda ng'ombe. Huyu alifungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda cha rafiki yangu, ambaye alimlisha makombo ya ugali na kumgombeza akiwika alfajiri. Sote tulimtegemea jogoo yule.

Jumamosi, siku moja kabla ya harambee, ndipo redio ikafanya kipindi chake cha kuchangia watoto wagonjwa, kutwa nzima. Mwalimu wetu alikuwa amepeleka habari za rafiki yangu huko, basi wapangaji wote wa ploti wakakusanyika mlangoni kwa nyanya. Tangu asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi na mvua hainyeshi. Betri zilikuwa zimechoka na hakukuwa na jua la kuzianika, kwa hiyo sauti ilikuja na kuzama, ikaja na kuzama.

"Jua limekataa leo," nyanya alisema akitazama juu. "Mimi sipendi."

Mchana ukiwa umekwenda sana, mtangazaji alimtaja binti wa Thika mwenye tundu kwenye moyo. Sote tukainama kwenye redio. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume, nzito, yenye starehe ndani yake.

"Mimi niko hapa Ruiru. Jina langu usitaje. Huyo wa Thika niachie mimi."

"Kila kitu, mzee?"

"Nimesema huyo ni wangu."

"Wasikilizaji, mmesikia wenyewe," mtangazaji alisema, karibu kulia. "Ahadi ni deni!"

Ua wote ukalipuka kwa shangwe. "Ngai! Umeskia? Amesema ni wake!" Jirani alipiga magoti penye maji ya bomba, akaimba kwa lugha ya kwao. Rafiki yangu peke yake ndiye aliyebaki ameinama, sikio kwenye redio.

"Shosho," alimwambia nyanya, "mbona nyuma yake watu walikuwa wanacheka?"

"Wanafurahi, mami. Kama sisi tu."

Mzee wa kanisa akasema basi hakuna haja ya kuwasumbua watu kesho, harambee igeuke kuwa ibada ya shukrani. Jogoo akachinjwa jioni ile ile. Kwa kina jirani firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haigusi, lakini yeye aliitoa kwenye sufuria akamwekea binti yake. "Leo wewe ndio mwenye boma," alimwambia. "Kula." Akala polepole, macho yake kwenye ile kamba iliyobaki imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Nyama ilikuwa tamu, sitakudanganya, na kila mtu alilamba vidole.

Wiki ikapita, na nyingine. Watu wa redio walikuwa wema, walimtafuta yule mtu kwa bidii, na watoto wengine wa siku ile walitibiwa. Lakini simu yake ilikuwa imepigwa kutoka baa moja Ruiru, na pale baa hakuna aliyemkumbuka mtu yeyote. Nyanya alielewa hapo hapo. Mkono mtupu haulambwi, alimwambia jirani, acha kumfuata.

Jirani hakusikia. Kila siku yake ya mapumziko alimchukua binti yake wakaenda Ruiru, wakaketi penye watu wengi, sokoni, kwenye hoteli za chai, mbele ya kanisa, wakisikiliza wanaume wakizungumza. "Nitamjua kwa sauti," alimwambia nyanya. "Mtu hawezi kusema mbele ya nchi nzima halafu asikuje, shosho. Haiwezekani." Jioni walirudi, mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kwenda shule, miguu yake imevimba. Nilimwogopa rafiki yangu siku hizo. Alipumua kama mtu anayepanda mlima hata akiwa amekaa.

Kanisa lilijaribu kuita harambee upya. Watu walikuja wachache, wakatazamana. "Si tulisikia amelipiwa? Nchi nzima ilisikia." Wengine walinong'ona kwamba mama ameshakula pesa za mtoto. Na jogoo hakuwepo. Kilichochangwa hakikufika hata mlango wa chumba cha upasuaji.

Mvua ndefu zilipoanza, tulikuwa tunaruka kamba bila mtu wa upande ule. Tuliufunga kwenye bomba.

Bado inaniuma, nami sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Vyumba vile vilibomolewa, yakajengwa magorofa yenye vigae. Nyanya ametuacha na redio yake haijulikani ilikoenda. Jirani alirudi kwao Magharibi baada ya mazishi, hakuandika. Nami, katika miji yote, nikaja kuoa na kujenga hapa Ruiru, na sijawahi kupanga foleni hapa bila kusikiliza wazee wanavyoagiza sukari.

Basi nimesimama pale dukani, maziwa mkononi, mtangazaji akamtaja mtoto mmoja wa kijiji cha Theta, mgonjwa wa figo. Ikaingia sauti ya mwanamume.

"Niko hapa Ruiru. Mambo ya jina wachana nayo. Huyo wa Theta niachie."

Mwenye duka alipiga makofi. "Umeona, boss? Watu wazuri bado wako!"

Wako, najua wako. Lakini nilikuwa nimeshainama juu ya kaunta, sikio kwenye redio, mkono nimeuinua kumnyamazisha.

"Kwani kuna nini?"

"Ngoja kidogo," nilimwambia. "Nataka kusikia kilichoko nyuma yake."